Mwaka Niliomchagua Bosi kwa Tumbo

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Shivachi kule Malinya, na chini ya hema nikajikuta nimeketi karibu na Khavere. Tulikuwa hatujaonana kwa muda mrefu, hivi kwamba kila mmoja alimtazama mwenzake kwanza kama anayesoma kibao kilichofifia rangi. Shivachi alikuwa bosi wetu. Alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Kakamega, enzi zile ambapo kadi za harusi na programu za mazishi zilipangwa kwa mkono, herufi moja moja za risasi, kabla kompyuta haijaja kutufundisha sote uvivu. Mchungaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba marehemu alilea vijana wengi katika kazi. Khavere akaniinamia na kuninong'oneza, "Alitulea? Mimi nilidhani alitulaza." Nikacheka mazishini, jambo ambalo kwetu husamehewa mtani au mlevi, na mimi kwa marehemu sikuwa mtani, na pombe ilinishinda zamani. Nikajifanya nakohoa. Kisha akaniuliza kama bado niko nyumbani. Hakuuliza ninafanya kazi gani, maana jibu la swali la kwanza lilikuwa linatosha kwa yote mawili. Yeye ana kiwanda chake mwenyewe cha uchapaji, na nusu ya kalenda unazoziona kwenye kuta za maduka ya huku zimetoka kwake. Mimi nina kuku, nina kiti changu barazani pale Iguhu, na nina sifa moja ambayo haijulikani na mtu: kila programu ya mazishi ninayopewa huwa nairudisha nyumbani na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, peke yangu, marehemu akiwa tayari ardhini na masahihisho yenyewe hayamsaidii yeyote.

Watu huwashauri vijana wachague kazi nzuri. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilishauriwa hivyo na kila mtu, hata na muuza mafuta ya taa. Hakuna aliyeniambia kwamba bosi naye huchaguliwa. Nilidhani bosi ni kama mvua, unamkuta tu. Kumbe mimi nilipewa nafasi ya kuchagua, jambo ambalo wengi hawapati, na nikachagua kama mtu mwenye njaa anavyochagua hoteli.

Mwalimu wangu wa Kiswahili ndiye aliyenifungulia njia. Alikuwa akinisifu kwa tahajia, na kwa kweli hicho ndicho kitu pekee nilichojua: nikiona neno limekosewa, jicho huniwasha kama limeingiwa na moshi. Akaniambia kuna viwanda viwili vya uchapaji vinavyotafuta kijana, kimoja Mumias kwa Mama Ayuma, kingine Kakamega kwa Bwana Shivachi, niende kote nijionee. Nilianza Mumias. Mama Ayuma alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na chumba chake kilinuka wino na mafuta ya mashine. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniwekea mbele safu ya herufi zilizopangwa, na herufi za risasi huwa kinyume, kama uso wako ndani ya kioo, akaniambia nisome. Nilipokosea hakusema nimekosea. Aliweka kidole pale pale na kusema, "Tena." Nikasoma tena. "Tena." Jasho likanitoka kama ninayelima. Nikiwa bado hapo, kijana mmoja wa pale akamwambia bila hata kusimama, "Mama, hapa umeruka mstari," naye akajibu, "Ee, kweli, weka," wakaendelea na kazi. Mimi nikashtuka moyoni. Nikasema, kumbe hapa hakuna adabu, mtoto anamwambia mkubwa amekosa, na mkubwa anakubali mbele ya wageni. Saa ya chakula tukala obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, basi. Ulikuwa mrenda mzuri. Lakini kijana aliyetoka shule huwa anatarajia dunia imchinjie kitu.

Kwa Shivachi ilikuwa sherehe. Alinipokea mlangoni akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Karibu, mwana wefwe," akasema, yaani mtoto wetu, na kabla sijakaa alikuwa ameshaniambia vichekesho viwili kuhusu mchungaji na fahali wa kupigana. Alikuwa mtu mnene, mwenye cheko lililomtangulia kila mahali kama mbwa wa nyumbani. Hakunisomesha chochote. Alimtuma mtu hotelini, na ikaletwa ingokho, kuku wa kienyeji mzima katika mchuzi, naye akaniwekea paja kwa mkono wake mwenyewe. Wafanyakazi wote walikuwa wanacheka. Halafu kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mwalimu wangu: kutoka Kakamega ningerudi Iguhu kila jioni nikalala kwenye kitanda changu. Mumias ningelazimika kupanga chumba. Nilikuwa nimesoma shule ya kutwa, na mara ya mwisho nilipolala ugenini, kwa shangazi, niliamka nikitafuta mlango upande usio na mlango. Basi mizani ilikuwa hivi: huku kuku, kitanda na cheko, kule mrenda na "tena". Nikamwambia mwalimu nimemchagua Bwana Shivachi kwa sababu za kikazi.

Nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kimoja. Nilitaka kuwa fundi wa kupanga herufi, yule anayeaminiwa kusoma karatasi ya majaribio kabla mashine haijakanyagwa kwa mguu ianze kuchapa, anayeweza kusema simama, kuna kosa, na mashine ikasimama. Hilo tu. Sikutaka utajiri, sikutaka Nairobi. Nairobi kuna baridi na hakuna mtu anayekujua. Chumba chetu kilikuwa na makabati ya droo zenye vijumba vidogo vidogo, kila herufi na kijumba chake, na katika wiki chache vidole vyangu vilizijua njia za mle kama kuku anavyojua njia ya kurudi bandani. Nilipanga nikiwa nimefumba macho kumchekesha Khavere, aliyekuwa akikunja kadi kwenye meza ya dirishani. Alikuwa msichana wa maneno machache makali. Aliniita Baba Nyumbani tangu siku aliyoniona nikichungulia nje kuangalia kama wingu limeelekea Iguhu.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua na hakuna anayelisema: sisi *l* na *r* ni watoto waliozaliwa pacha, na mama yao mwenyewe huwachanganya. Mimi nilizitenganisha kwa nguvu shuleni, na bado nikikasirika zinarudiana. Shivachi hakuwahi kuzitenganisha na hakuona haja. Alikuwa anapokea kazi kwa mdomo, akiongea na mteja na kucheka, halafu anakuja kusimama nyuma yangu ananisomea kutoka kichwani, nami napanga. Wiki ya tatu au ya nne alinisomea programu ya mazishi, akafika mahali akasema "Sara ya mwisho". Nikapanga "Sala". Akachungulia begani, mteja akiwepo, wengine wakisubiri kwenye benchi. Akaniuliza ni nani aliyesema hivyo. Nikamweleza kwa upole, nikidhani namsaidia. Akageukia watu akiwa na uso wa furaha. "Leo tuna mwarimu," akasema. "Mwarimu, panda hapo utufundishe." Akanisogezea kigoda. Nikapanda. Akaniambia nianze, la le li lo lu, kisha ra re ri ro ru, na wateja wafuate. Walifuata. Hata jamaa wa marehemu walifuata, na walicheka mpaka wakafuta machozi ambayo nadhani yalikuwa yamengojea nafasi tangu juzi. Nami nilicheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Mchana akaninunulia chapati na maharagwe, akanipiga begani, akasema mimi ni kijana mwenye roho safi. Ni vigumu kumkasirikia mtu ukiwa na chapati yake mdomoni. Nimejaribu tangu siku ile hadi tulipomfukia, na bado.

Tangu hapo jina langu likawa Mwarimu, na nikajifunza kutazama chini. Khavere aliona. Siku moja tukila mandazi kwenye ngazi ya nyuma akaniambia ameandikiana na Mama Ayuma na anaondoka. Nikamuuliza, kwa huyo mama asiyecheka? Akasema, "Huyu mzee ni mzuri wa kukaa naye. Si mzuri wa kufanya kazi naye. Wewe unachanganyanga hizo mbili kama vile yeye anachanganyanga herufi." Akaniambia twende sote, kuna nafasi. Nikasema mvua imekaribia. Akaniuliza mvua inahusu nini. Nikasema tena kwamba imekaribia. Akaenda mwisho wa mwezi, na meza ya dirishani ikabaki na vikorokoro vya kadi.

Kisha likaja lile la kadi. Bwana mmoja alikuwa anamuoza binti yake, na harusi ingefanyika kanisani karibu na Mukumu. Shivachi akapokea kazi kama kawaida yake, kwa vichekesho, akaja nyuma yangu akaanza kunisomea: jina la bibi arusi, jina la bwana arusi, siku, saa. Halafu akasema, "Mahari, ukumbi wa kanisa." Vidole vyangu vikasimama. Mahali ni pale mtakapokutana. Mahari ni ng'ombe anaowatoa bwana arusi. Nilijua anachotaka, na nilijua pia kile kigoda kilipo, maana kilikuwa pembeni ya mguu wangu. Nikajikaza nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Bosi, hapo ni kwa ele au kwa ere?"

"Kwa ere," akasema.

Hadi leo sijui alisema ipi. Mdomoni mwake zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Nikauliza tena. Akaniuliza kama masikio yangu nimeyaacha Iguhu, na kwenye benchi mtu akaanza kucheka kabla ya wakati. Nikapanga kama sikio lilivyosikia. Karatasi ya majaribio nikampelekea yeye mwenyewe mkononi, akaitazama kwa mbali, akisimulia habari za fahali aliyekimbia uwanjani, akasema iko sawa, kanyaga.

Kadi zikasambazwa. Upande wa bwana arusi walizipokea wakasoma kwamba mahari ni ukumbi wa kanisa. Mnajua mambo ya wakwe: ng'ombe walikuwa wamejadiliwa kwa miezi, wawili kati yao bado wakibishaniwa, na sasa familia ya msichana inachapisha kwenye karatasi ya kung'aa kwamba inataka jengo. Nilisikia kwamba mjomba mmoja wa bwana arusi aliuliza kama ukumbi huo utaletwa kwa kamba. Mjomba wa upande wa pili hakucheka. Asubuhi moja wakaja wazee wawili, baba wa binti na baba wa kijana, kila mmoja na fimbo yake, wameketi benchi moja bila kutazamana, kadi katikati yao kama mtoto aliyevunja chungu.

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao. Nilisikia Shivachi akiisoma ile kadi, na kwa mara ya kwanza nikasikia chumba kile bila cheko lake. Nikajiambia, sasa atasema. Ilikuwa rahisi sana; angesema nimeteleza ulimi, wazee wangu, tunachapa upya, na wazee wangemwelewa, maana nao walikuwa wakisema mahari wakimaanisha mahali maisha yao yote. Badala yake nikaitwa. "Wazee, kijana ndiye huyu," akasema kwa sauti ya huruma, mkono wake begani mwangu, ule ule wa chapati. "Ni mtoto mzuri sana, sema tu masikio. Shure nayo inaharibunga hawa watoto, wanasikia maneno ambayo hatujasema." Wazee wakanitazama. Baba wa binti akaniuliza, bila ukali wowote, kama ni kweli. Koo langu lilikuwa na maneno yote, yamepangwa vizuri, kila herufi mahali pake, lakini yamepangwa kinyume kama yale ya risasi, na hakukuwa na mashine ya kuyageuza. Nikasema, "Poleni, wazee." Wakasema nisirudie. Kadi zikachapwa upya, harusi ikafungwa, na wale ng'ombe wawili wanabishaniwa hadi leo, lakini hiyo si kazi yangu.

Mtu angefikiri kwamba hapo niliondoka. Mimi mwenyewe nikijisimulia usiku naondokanga kila mara. Lakini nilibaki, na kilichonitisha baadaye ni jinsi maisha yalivyokuwa mepesi. Niliacha kuuliza. Aliposema "harafu" nikapanga "harafu". Aliposema "ibada itaongozwa na Askofu" na mimi najua ni mzee wa kanisa tu, nikampa uaskofu. Jicho liliendelea kuniwasha kwa kila kosa, lakini nikajifunza kuliacha liwashe. Nikawa fundi wa hali ya juu wa makosa safi, yaliyonyooka, yenye nafasi sawa pande zote. Shivachi akafurahi. Nilimsikia siku moja akimwambia jirani yake muuza viatu kwamba Mwarimu sasa amekomaa, hana shida na mtu. Nami nyuma ya ukuta, Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri.

Karibu na Krismasi Khavere akaniletea ujumbe kwamba fundi wa herufi wa Mama Ayuma anahamia Lugari, na mama amekubali kunijaribu. Nilienda. Sijui nguvu nilizipata wapi. Nadhani ni kwa sababu mvua zilikuwa zimekwisha na sikuwa na kisingizio. Nilienda na nguo kwenye mfuko wa karatasi, tayari hata kulala ugenini. Chumba kilikuwa kile kile, miwani ina uzi ule ule. Khavere alinipokea kwa macho bila kuacha kukunja. Kwenye benchi palikuwa na mteja, mzee mmoja nadhifu aliyeshika kikombe cha chai, na Khavere akanitambulisha: huyu ni Mzee Wangatia, ndiye mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa la kanisa, amekuja mwenyewe kuchukua matangazo. Nikamsalimu kwa mikono miwili. Mkono wake ulikuwa na joto la kikombe.

Mama Ayuma akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akasema panga, nione. Nikaanza, na vidole vyangu vilikimbia kwa furaha, maana droo za kule zilipangwa kama zetu. Nikafika mstari wa katikati. Ulisema: Mgeni wa heshima, Marehemu Mzee Wangatia. Wiki nzima mama alikuwa akiandika programu za mazishi, na mkono wake ulikuwa umezoea kumtanguliza kila mzee kwa neno hilo. Nikasimama. Nikainua macho. Mzee alikuwa pale, anapuliza chai yake. Na hapa naomba msinicheke zaidi ya ninavyojicheka: nilifikiri, labda ni desturi ya kanisa lao. Nilifikiri, labda mama anajua jambo ambalo mzee bado hajaambiwa. Kisha nikapanga, herufi nane, marehemu, zimenyooka kama askari.

Mama Ayuma akaja, akasoma herufi zile kinyume bila kuhitaji karatasi ya majaribio. Kidole chake kikashuka kikasimama.

"Hili ni kosa langu," akasema. "Uliliona?"

"Niliona, mama."

"Na mzee umemsalimu."

"Nimemsalimu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Hakuwa na hasira. Ningeweza kuishi na hasira. Alikuwa anataka kujua kweli, na akangoja, miwani yake ikinielekea, na mashine ilikuwa imesimama, na Khavere ameshika kadi hewani bila kuikunja, ananitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayejifunza kutembea. Lilikuwa swali ambalo nililitamani mwaka mzima. Nikafungua kinywa, na kikatoka kile kilichokuwa kimewekwa humo.

"Wewe ndiye bosi, mama."

Khavere akateremsha macho akaikunja kadi. Mama Ayuma akavuta pumzi, akazichomoa zile herufi moja moja kwa vidole viwili, m, a, r, akizidondosha kila moja kwenye kijumba chake, mpaka mstari ukabaki na Mzee Wangatia peke yake, mzima.

"Huyu nimemfufua," akasema taratibu ili asisikike kwenye benchi. "Wewe, mwanangu, sijui nianzie wapi."

Mzee akauliza kutoka kule kama kazi yake iko tayari. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Lakini hakuna aliyeniambia nijibu, kwa hiyo sikujibu.